Mwalimu na Vichwa vya Umm Rasein

Mtu akisema "naona" mbele ya Mwalimu, alikatizwa papo hapo. "Usiniambie unaona. Niambie umepimaje." Alimwambia hivyo muuza samaki aliyesema anaona jodari wa leo ni mkubwa kuliko wa jana. Alimwambia hivyo daktari wa macho aliyekuwa akimuuliza anaona herufi gani. Na siku moja, mbele ya wageni, alimwambia hivyo mkewe, Bi Zuwena, aliposema anaona mchuzi umezidi chumvi. Bi Zuwena hakubishana. Alimsogezea bakuli, akasema, "Basi pima." Mwalimu akanywa kijiko kimoja, akaomba maji.

Sote tulimwita Mwalimu. Mtaa wetu uko nje kidogo ya Ibra, njia ya kuelekea Samad Ash-Shan, na nyumba nyingi ni za watu waliorudi Oman kutoka Unguja, Pemba au bara, kwa hivyo Kiswahili kilisikika barazani sawa na Kiarabu. Lakini hata majirani wasiojua Kiswahili walimwita hivyo hivyo, kwani walidhani ndilo jina alilopewa na wazazi wake. Imamu alimwita Sheikh Mwalimu. Mzee mmoja alimuuliza, kwa adabu kabisa, Mwalimu ni jina la ukoo gani. "Ukoo wa wanaosahihisha," alijibu. Yule mzee akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyekwisha kuwasikia watu hao.

Alisomesha jiografia skuli za wavulana, Sur kwanza, khalafu Ibra, mpaka akastaafu. Mimi hakunisomesha darasani. Sisi wasichana tulikuwa na skuli zetu na walimu wetu wanawake. Mimi alinisomesha barazani, bila ya kuombwa na mtu yeyote. Nyumba yetu na yake zilitenganishwa na ukuta mmoja tu, na lilikuwa kosa kubwa kupita mlangoni kwake na kitu cha mviringo. Ukipita na chungwa, basi hilo ni dunia. Ukipita na mpira, huo ni jua, na chungwa la mwenzio litatakiwa liuzunguke. Kaka zangu walijifunza kuficha matunda ndani ya kanzu. Mimi nilikuwa nikipita na chungwa makusudi. Nilipokuja kuwa mpima ardhi, mama yangu alimshukuru Mwalimu, na Mwalimu akasema hapana, nimefika hapo kwa ulafi wa machungwa.

Baada ya watu wasiopima, kitu kilichomkera zaidi duniani ni Kiswahili cha watoto wetu. Chake kilikuwa Kiswahili cha Unguja mjini cha zamani, kimenyooka kama kanzu iliyotoka kupigwa pasi. Wanangu wakisema "kilima kubwa", alishika kifua. "Kikubwa! Kilima kikubwa! Hamsikii kinavyoitikiana?" Halwa ilikuwa haitoki kwenye sahani mpaka vitu viitikiane. Mwanangu wa kiume, ambaye Kiarabu ndicho kilichomkaa mdomoni, alijaribu siku moja kulikwepa balaa lote kwa kusema "jabal". Mwalimu alimtazama kwa muda, akampa halwa. "Huyu atakuwa wakili," alisema.

Na mtu huyu, aliyeweza kukuchorea mto Zambezi na vijito vyake kwa kidole kwenye vumbi la gari, hakujua njia. Sijapata kumjua mtu aliyepotea kama yeye. Alipotea Maskati, alipotea Nizwa, alipotea Bidbid pale njia inapogawanyika, moja kwenda Nizwa na moja kuja kwetu, na kibao cha pale ni kikubwa kuliko chumba changu cha kulala. Safari moja walialikwa harusi Sur, karamu ya mchana. Bi Zuwena, aliyekwisha kuvaa dhahabu yake yote, alimwambia zaidi ya mara moja kwamba hapa wanatakiwa wakate kushoto. Mwalimu alimjibu kwamba yeye alisomesha Sur. Alasiri wakafika Ras al Jinz, mbele ya jengo la wageni wanaokwenda kutazama kasa wakitaga, na mfanyakazi wa pale akawauliza kwa Kiingereza kama walikwisha kuweka nafasi. Mwalimu alishuka garini, akakikaza kilemba, akaitazama bahari.

"Zuwena," alisema, "hii ndiyo ncha ya mashariki kabisa ya bara Arabu. Nilitaka uione."

Bi Zuwena hakusema naye mpaka Ibra. Miaka mingi baadaye, akinihadithia, alicheka mpaka akafuta machozi kwa upande wa leso, lakini alisema biriani ya harusi ile bado anaiona ndotoni. Na Mwalimu, akiulizwa vipi mwalimu wa jiografia anapotea, alikuwa na jibu lake tayari: jiografia ni elimu ya mahali vitu vilipo, si ya mahali yeye alipo.

Kitu kimoja alijua kilipo bila ya wasiwasi, nacho ni Umm Rasein.

Umm Rasein ni kilima kilicho nyuma ya mtaa wetu, mawe matupu, rangi ya kahawa iliyokaangwa. Jina lake maana yake ni Mama wa Vichwa Viwili, kwa sababu ukikitazama kutoka chini kina vichwa viwili, kimoja mashariki, juu ya nyumba zetu, na kimoja magharibi, juu ya mtaa wa ng'ambo ya wadi, mto wetu usiokuwa na maji ila mvua ikinyesha. Kwa macho huwezi kuvitofautisha. Mwalimu alisema kilele cha kweli ni kichwa cha mashariki. Aliwasomesha hivyo wavulana wengi mno, na baadhi yao leo ni wakurugenzi wenye makatibu wawili wawili.

Ng'ambo ya wadi aliishi Ami Nasoro, aliyesema kilele ni kichwa cha magharibi.

Ami Nasoro alikuwa na duka la matairi Bidbid, na alirudi kwake kila mwisho wa wiki. Alikulia bara, na Kiswahili chake kilitiwa Kiingereza kama wali unavyotiwa zabibu. Mwalimu hakuwahi kumsamehe kwa hilo, na hakuwahi kuipitisha Ijumaa bila yeye. Baada ya sala na chakula gari la Ami Nasoro lilisimama mbele ya baraza ya Mwalimu, mwenyewe akavua makubadhi, akakaa, na vita vikaanza kabla ya finjani ya kwanza ya kahawa.

"Mwalimu, kuwa siriasi. Yako iko chini. Levo yake haifiki yangu."

"Kwanza sema 'usawa'. Pili, umepimaje?"

"Nimeangalia juu ya rufu ya nyumba yangu."

"Sema 'dari'. Na dari yako iko magharibi. Kila kilicho karibu nawe unakiona kikubwa, ukianzia na tumbo lako."

Si kwamba hawakupima. Walipima kwa kila njia wanayoweza kuifikiria wanaume wawili wasiokuwa na mtu wa kuwakataza. Kwanza Mwalimu alipanda na jiko dogo la gesi na kipimajoto, kwa sababu maji huchemka kwa joto dogo zaidi mahali pa juu. Alichemsha kwenye kichwa chake, akaenda akachemsha kwenye kichwa cha Nasoro, na kipimajoto kikatoa jawabu lile lile kote kuwili. Maji yalikuwa yamekwisha kuchemka, kwa hivyo wakatia chai. Bi Zuwena alitaka kujua kama ni kweli wanaume wenye wajukuu wamepanda jabali kwenda kupika maji.

Khalafu ukaja mpira wa maji. Mafundi wa nyumba hutia maji ndani ya mpira mweupe unaoonesha ndani, wakapima kwa maji hayo kama kuta mbili zinalingana. Ami Nasoro alileta mpira mrefu sana kutoka Bidbid. Mwalimu akakaa kichwa cha mashariki na ncha moja, Nasoro kichwa cha magharibi na ncha ya pili, wakawa wanapigiana kelele asubuhi nzima huku mpira umelala bondeni katikati yao kama nyoka aliyeshiba. Hewa iliingia. Maji yalipata moto. Na ilipokaribia adhuhuri, Mwalimu akiwa ameinama na penseli yake, maji ya upande wake yakaanza kushuka, yakashuka, yakapotea. Ami Nasoro alikuwa ameona kiu.

"Amekunywa ushahidi!" Mwalimu alilalamika msikitini. "Wallahi, mbele ya macho yangu, amekunywa ushahidi!"

Simu za kisasa zilipokuja, zenye kusema uko juu ya bahari kiasi gani, simu ya Mwalimu ilimpa ushindi Mwalimu na simu ya Nasoro ilimpa ushindi Nasoro. Kila mmoja alimhurumia mwenziwe kwa kununua simu mbovu.

Palikuwa na jambo moja ambalo Mwalimu alilisema kwa hasira ya kweli. Watu wa Ami Nasoro walikuwa wamepandisha tairi la lori mpaka kichwa cha magharibi, wakalipaka rangi nyeupe, wakalijaza mawe, na kila Idi waliongeza mawe mengine. "Kilima kinapimwa bila ya kofia," alisema Mwalimu. "Huo ni udanganyifu." Maneno mazuri, ila kwenye kichwa cha mashariki palikuwa na rundo la mawe lililofika kifuani kwangu, na nililiona likipanda mwaka hadi mwaka. Nilimuuliza. Hakutahayari hata kidogo. "Lile si kofia," alisema. "Ile ni alama."

Mambo yangebaki hivyo, mchezo wa Ijumaa, lau si habari aliyoileta rashid, ndivyo anavyoitwa kwetu mzee anayesimamia mambo ya mitaa, na wetu alisimamia yote miwili. Ilikuwa imeamuliwa ijengwe njia ya kupandia kwa miguu, yenye taa na kibanda cha kupumzikia, mpaka kileleni mwa Umm Rasein, kwa ajili ya wageni wanaopita kwenda jangwani. Njia itaanzia mtaa ulio chini ya kilele. Mahali pa kuegesha magari patakuwa huko, mikahawa itakuwa huko, na watu wasiopata kazi watapata huko. Basi ghafla watu wazima wenye akili zao wakawa na rai juu ya jiwe. Kwenye matanga fulani niliwaona watu wa mashariki wamekaa ukuta huu na watu wa magharibi ukuta ule, na marehemu alikuwa jamaa wa wote. Maneno yakasemwa. Mtu wa upande wetu akamwita Ami Nasoro muuza matairi aliyetaka kuuza na jabali. Mwalimu alikuwapo na hakumkanya.

Ijumaa iliyofuata gari halikuja. Na iliyofuata pia.

Bi Zuwena alikuja kwetu kunitafuta, nikiwa nimetoka Maskati kwa mapumziko. Hakukaa.

"Rahma, mwanangu, anakula nusu sahani," alisema. "Ijumaa anavaa kanzu safi, anakaa barazani, anatazama njia. Namwambia mpigie simu mwenzio. Anasema hana la kumwambia. Mwalimu hana la kusema! Mimi nimekaa naye umri huu wote, sijapata kulisikia neno hilo. Hebu lipimeni hilo jabali lenu, nyie wenye mashine, watu tupumzike."

Kazi yangu ni ramani. Katika ofisi yetu tulikuwa na vipimo vya sehemu zile, kwa sababu ndege ilikwisha kupita juu ya mabonde yetu wakati palipotafutwa mahali pa kujenga bwawa la kuzuia mafuriko. Ndege ya namna hiyo humwaga miale ya leza chini, miale mingi kuliko matone ya mvua. Kila mwale hugonga ardhi na kurudi, na kwa muda uliochukua kurudi unajua ardhi ile iko mbali kiasi gani. Ukiziweka nukta zote pamoja unapata nchi nzima imechongeka mbele yako, bila ya rangi na bila ya ubishi. Nilimwomba ruhusa mkubwa wangu wa kazi. Aliniuliza mara mbili kama nimesema kilima. Khalafu akasema, maadamu si kambi ya jeshi, niangalie nitakavyo.

Nilifungua vipimo nikiwa na moyo wa mtu anayefungua matokeo ya mtihani wa mwanawe. Nukta ya juu kabisa ilikuwa magharibi.

Nilikaa pale nikiwaza nitamwambiaje. Baadaye nikaitazama ile nukta kwa karibu, na nikaona imezungukwa na nukta nyingine kwa duara zuri mno, duara kamili. Mungu hakuumba jabali kwa bikari. Lilikuwa tairi. Nikaenda mashariki, nikakuta mwiba umesimama juu ya kichwa cha Mwalimu, mwembamba, umenyooka kwenda juu; hiyo ndiyo ile "alama". Nikaziondoa kofia zote mbili, nikaiamuru mashine initafutie mahali pa juu pa mwamba wenyewe.

Ikanipeleka mahali pengine kabisa.

Nilidhani nimekosea. Nikarudia, ikanipeleka pale pale. Nyuma ya vile vichwa viwili, upande wa kaskazini, kulikuwa na ukingo wa mwamba, mwembamba kama mgongo wa papa, ambao ukiwa chini huuoni, kwa kuwa umerudi nyuma na vichwa vya mbele vinauficha. Hapana mtu aliyekuwa akienda huko. Kwa nini aende? Kila aliyepanda alipanda kwa ajili ya kushinda ubishi, na ubishi ulikuwa mbele.

Niliwaita wote wawili nyumbani kwetu, pamoja na Bi Zuwena. Ami Nasoro alikuja amevaa uso wa mahakamani. Mwalimu akakaa mwisho mwingine wa busati, na kila aliyetaka kumwambia mwenziwe kitu alikisema kwa Bi Zuwena.

"Mwambie apishe miguu yake, natia kahawa."

"Mwambie miguu yangu iko kwenye levo yake."

Nikawaonesha picha kwenye kompyuta. Nikawaonesha tairi. Mwalimu akavuta pumzi ya ushindi. Nikawaonesha alama. Ami Nasoro akapiga kofi goti lake. Khalafu nikawaonesha ule ukingo wa nyuma, nikawaambia kwamba hicho, kwa mujibu wa leza, ndicho kilele cha Umm Rasein.

Bi Zuwena peke yake ndiye aliyesema, "Khalas? Basi?"

Mwalimu aliitazama picha kwa muda mrefu, miwani ikiwa imeshuka puani. Nikajua linakuja, na nilikuwa nimelingoja tangu enzi za machungwa.

"Umepimaje?"

Nikamweleza kila kitu: ndege, miale, muda wa kurudi, jinsi ya kuyatenga mawe ya watu na mwamba wa Mungu. Alisikiliza kama mwanafunzi, mikono mapajani. Akaniuliza kama leza inaweza kukosea. Nikasema inaweza, kidogo. Mwale hauwezi kugonga kila ncha ya jiwe, ndiyo maana kabla ya kuapa mtu hupanda mwenyewe na chombo cha kupokea ishara za setilaiti, akakisimamisha kwenye mwamba wenyewe, akahakikisha.

Wote wawili walisimama kwa pamoja, kana kwamba wameitwa majina.

Tulipanda siku ya pili yake, asubuhi ya baridi nzuri. Mimi nilibeba chombo na miguu yake mitatu. Mwalimu alibeba bakora na maoni. Ami Nasoro, ambaye pumzi yake ilikwisha kabla ya njia, alipumzika kila palipokuwa na jiwe bapa na kulisifu jiwe. Hawakusemezana mpaka tulipopita katikati ya vichwa vyao viwili, mmoja kulia, mmoja kushoto, na kila mmoja akageuka kukitazama chake. Ami Nasoro alisema, kama anayejisemea, "Vidogo, eh?" Mwalimu alisema, "Vidogo." Hilo ndilo neno la kwanza.

Ukingo wenyewe ulikuwa mbaya, mawe makali, na juu yake pana nafasi ya mtu mmoja tu kusimama. Na hapo ndipo yalipotokea nisiyoyatarajia. Watu hawa walikuwa wamegombania kilele karibu maisha yao yote, na sasa kilele kilikuwa mbele yao, hatua chache, na hakuna aliyekuwa tayari kutangulia.

"Tafaddal," alisema Mwalimu.

"La wallah. Wewe mkubwa. Pita."

"Nimeapa hapiti mtu kabla yako."

"Na mimi nimeapa kabla yako, ila hukusikia, nilikuwa nahema."

Waliapizana hapo mpaka mimi nikapita katikati yao na chombo changu, nikapanda, nikakisimamisha. Pale juu kulikuwa na mavi ya mbuzi, mengi, makavu na mabichi. Nikawaambia. Ami Nasoro alicheka mpaka akakaa chini. "Wao walijua," alisema. "Mbuzi walijua, Mwalimu, na hawakutuambia!"

Chombo kinahitaji kutulia kwa muda ili kisikilize setilaiti, na Mwalimu aliusimamia muda huo kama mtihani wa taifa. Alimkataza Nasoro kukohoa. Mimi niliposogeza mguu alinitazama vibaya. Baadaye nilikwenda nikapima na vile vichwa viwili, pembeni mwa tairi na pembeni mwa alama, juu ya mwamba mtupu. Niliporudi niliwaambia kwamba leza imesema kweli: kichwa cha tatu kinavishinda vile viwili kwa kimo cha chupa ya chai.

Mwalimu alikuwa ameketi kwenye jiwe, mikono juu ya bakora. Upepo ulikuwa unachezea ndevu zake.

"Nimewasomesha watu uongo, Nasoro," alisema. "Maisha yangu yote."

"Hata mimi," alisema Ami Nasoro. "Na mimi sikuwa hata na cheti."

Mwalimu akaanza kucheka. Alikuwa na kicheko kisichotoa sauti, mabega tu yalitikisika, na Nasoro akimtazama naye akashikwa, na wale wazee wawili wakabaki hapo juu wakitikisika mpaka nikaogopa wataanguka.

Yule rashid alifurahi kuliko watu wote, kwa sababu ubishi ule ulikuwa umemnyima usingizi. Njia ikaanzia wadini, katikati ya mitaa miwili, na kila mtaa ukapata magari yake ya kulalamikia. Mwalimu aliwapigia simu wanafunzi wake wa zamani, mmoja baada ya mmoja, kila aliyeweza kupata namba yake, kuwasahihisha. Mkurugenzi mmoja alitolewa mkutanoni kwa kuambiwa kuna jambo la dharura. "Kile kichwa cha mashariki," Mwalimu alimwambia, "kifute. Andika cha tatu." Kisha akataka jina la kilima libadilishwe liwe Mama wa Vichwa Vitatu. Watu wakakataa kabisa. Ami Nasoro alikuwa wa kwanza kukataa, na gari lake lilikuwa mbele ya baraza Ijumaa ile ile ili apate kukataa ana kwa ana.

Basi wakaendelea. Nilipokuwa nikija kwa mapumziko niliwasikia kupitia ukutani wakigombania jina, kibanda, rangi ya taa. Ila kuna swali moja ambalo sikuwasikia wakiliuliza. Kati ya vile vichwa viwili vya mbele, kipi kilikuwa cha pili? Vipimo nilikuwa navyo mimi. Mwalimu alilizunguka swali hilo kama mtu anavyolizunguka shimo barabarani, bila ya kulitazama. Alichopenda kusema ni hiki: "Kichwa cha tatu kimemwokoa Nasoro na aibu." Alikisema mara nyingi, na Nasoro akiwapo.

Mara ya mwisho kuonana na Mwalimu ilikuwa Nizwa. Magoti yalikuwa yamemkatalia ngazi, na yeye na Bi Zuwena walihamia kwa binti yao. Nilikuwa na kazi pande zile, nikapita alasiri.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Umechelewa. Umepotea?"

Alikuwa amekonda, kanzu imemzidi mabegani, lakini macho ni yale yale. Tulizungumza habari za watoto. Akaniuliza kama kilima bado kubwa, akisubiri nicheke. Kisha akamwambia Bi Zuwena kwamba mimi napenda kahawa iliyotwangwa papo hapo, jambo ambalo sijapata kulisema, na Bi Zuwena akatutazama wote wawili, akaenda jikoni. Mwalimu akangoja mpaka kinu kikasikika.

"Rahma," alisema kwa sauti ndogo. "Vile viwili vya mbele. Nataka kujua."

"Una hakika, Mwalimu?"

"Mimi nimekwisha kuwa mzee. Niambie."

Nikamwambia. Kichwa cha magharibi kilikizidi cha mashariki. Kwa kimo cha finjani ya kahawa, basi, si zaidi.

Aliifikiria finjani hiyo. Alinyoosha vidole viwili hewani, akapima kimo chake, akaviangalia.

"Sawa," alisema. "Kipimo ni kipimo. Lakini Nasoro asijue. Nasoro akijua, hata kaburini sitapumzika."

"Anajua, Mwalimu."

Akageuka.

"Alinipigia simu kutoka dukani kwake wiki ile ile tuliyopanda," nilisema. "Akaniuliza, nikamwambia. Akapiga ukelele mpaka nikasikia watu wanamuuliza kama ameangukiwa na tairi. Khalafu akaniambia nisikwambie. Akasema ukiniuliza mwenyewe nikwambie kweli, kwa sababu wewe hupendi uongo, lakini usipouliza ninyamaze, na yeye atanyamaza."

"Nasoro?"

"Ndiyo."

"Nasoro wa matairi? Anyamaze?"

Hakuniuliza nimepimaje. Alivua miwani, akaishika mkononi. Kule jikoni kinu kilikuwa kimesimama.

"Na mimi nilikuwa nikimwambia," alisema. "Ijumaa zote hizo, Rahma. Nikimwambia kichwa cha tatu kimemwokoa na aibu. Mbele ya watu. Na yeye anakunywa kahawa tu."

Akaniomba nimtafutie namba, kwa sababu bila ya miwani alikuwa haoni na hakutaka kuivaa. Simu iliitika ndani ya kishindo cha mashine za Bidbid.

"Nasoro. Wewe ni mtu mbaya sana."

Kishindo kikapungua, bila shaka alikuwa ametoka nje. "Amekwambia," ilisema sauti yake.

"Kwa nini hukusema?"

Nilimsikia Ami Nasoro akihema, ule uhemaji wake wa kule jabalini.

"Ningesema, Mwalimu, Ijumaa ningekwenda wapi?"

Mwalimu alibaki ameshika simu sikioni. Mwishowe akasafisha koo.

"Ijumaa hii njoo Nizwa," alisema. "Usile njiani."

Akanirudishia simu. Bi Zuwena alikuwa amesimama mlangoni na sinia ya kahawa, ametusikia nusu tu, na uso wake unataka nusu ya pili.

"Nani anakuja Ijumaa?"

"Mshindi," alisema Mwalimu, akairudisha miwani machoni. "Kampikie kitu."